Tuulizwe kabla: mkono au kinena?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka thelathini, mengine nikiyapata yakiwa yamefungiwa maandazi, na sijawahi kuwaandikia. Lakini ile habari yenu ya Jumapili iliyopita, ya madaktari kutibu mishipa ya ubongo kwa kupitia mkononi, imenitoa uvivu. Mmeishangilia kama kitu cha juzi. Daktari Lucien Campeau wa Montreal alikwishaeleza mwaka 1989 jinsi alivyopitisha mrija kwenye ateri ya mkono, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, hapo tunapovalia saa, hadi kwenye moyo. Wagonjwa wa moyo wameizoea njia hiyo. Sisi wa kichwani ndio tuliachwa nyuma, na mwandishi wenu hakuuliza kwa nini.

Mimi nilipigwa picha ya mishipa ya kichwa miaka minne iliyopita, mmoja ukashukiwa kutuna kama puto. Mrija wa kupigia picha wakaupitishia kinenani. Hakuna aliyeniuliza lolote. Baada ya kuchomoa mrija nesi alinikandamiza kwa ngumi karibu robo saa, akaniwekea mfuko wa mchanga, akaniamuru nilale chali kwa muda wa saa sita, mguu umenyooka, kichwa nisinyanyue. Ilipofika saa ya tatu nikabanwa na mkojo. Nesi haonekani. Chumbani yupo mkwe wangu tu, mume wa binti yangu wa kwanza, kijana mwenye adabu zake, amenishikia chupa huku uso ameugeuzia ukutani, anasoma tangazo la kunawa mikono kana kwamba ataulizwa kwenye mtihani. Mhariri, mkojo uligoma! Nikajiinua kidogo kwa kiwiko ili nijisitiri, damu ikavilia pale pale. Paja likawa jeusi hadi karibu na goti, nikachechemea wiki tatu, na mpaka leo mkwe wangu akija nyumbani tunazungumzia mvua tu.

Mwaka uliofuata nilirudiwa kipimo katika hospitali nyingine. Daktari kijana aliutafuta mshipa wa mkono kwa mashine ya utrasaundi, akachoma ganzi, kisha dawa ya kuulegeza, ambayo iliwaka kama pilipili hadi kiwikoni. Kumaliza, nikavishwa bangili ya plastiki yenye hewa, wanaipunguza kidogo kidogo. Saa moja haijaisha nimekaa kitandani nakunywa chai kwa mkono wa kushoto. Msalani nilikwenda kwa miguu yangu.

Mmeandika pia kwamba njia hii inamfaa kila mtu. Haimfai. Mshipa wenyewe ni milimita mbili tatu hivi, kwa wengine hukaza ukaugomea mrija, na mwenye figo mbovu huenda akauhitaji baadaye kwa kusafishia damu. Tena mrija ukitokea mkono wa kulia, kuingia mshipa wa shingo wa kushoto ni kona kali. Nimefanya kazi reli, kona naijua.

Na hizi fomu za ridhaa! Yangu ilikuwa kurasa nne za Kiingereza, nikaletewa nikiwa nimeshavuliwa nguo na miwani. Nikaambiwa, mzee weka sahihi hapa. Ukikodi baiskeli mtaani kwetu unaambiwa breki ya nyuma haishiki, lakini anayeingiziwa mrija hadi kichwani anaonyeshwa mstari wa kusaini. Sijui nilikubali nini. Labda niliuza shamba.

Ombi langu ni dogo. Mstari wa kwanza wa fomu uandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa za kusomeka bila miwani: MKONO AU KINENA, NA KWA NINI? Na mwandishi wenu, kabla hajaishangilia teknolojia nyingine, alazwe chali saa sita na mfuko wa mchanga wa kilo mbili kinenani, ameshiba maji ya madafu. Chupa ashikiwe na mkwe wake.

Mstaafu wa reli,
Tanga