Barua ya wazi kwa wanawake wenzangu wanaobana mapaja na kukaa kimya

Dada zangu, wanawake wenzangu wa rika langu,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaificha. Mwenzetu mmoja katika kundi letu la mazoezi alitokwa na mkojo akiwa amechuchumaa. Mkeka ukalowa kidogo tu. Mliokuwa nyuma yake mkatazamana, mkaanza kunong'ona, mmoja wenu akaenda kufungua dirisha. Mwalimu, kijana ambaye maungo yake hayajawahi kumsaliti, akaendelea kuhesabu kama hakuona. Mwenzetu akakunja mkeka wake, akaondoka, na hajarudi. Na baadhi yenu mliotazamana vile mmeniambia wenyewe, pembeni, kwamba hamtoki nyumbani bila pedi.

Basi tuseme wazi. Chini ya nyonga kuna misuli inayobeba kibofu, mji wa mimba na utumbo. Uzazi huichosha. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua na sehemu hizo hudhoofika. Uzito, kikohozi cha muda mrefu na choo kigumu huongeza mzigo. Mmoja huvuja akikohoa, akicheka au akinyanyua kitu. Mwingine hubanwa ghafla na kushindwa kufika chooni. Wengi wetu tuna yote mawili. Umri unaongeza uwezekano, lakini msikubali kuambiwa "ni uzee tu" mkarudi nyumbani mikono mitupu. Misuli ya mwanamke mwenye miaka 80 bado inafundishika.

Mmeniuliza kuhusu yoga. Mwaka 2024 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani ulioongozwa na daktari Alison Huang. Wanawake 240 wa miaka 45 hadi 90 waligawanywa makundi mawili: moja likafanya yoga laini iliyopangwa kwa ajili ya nyonga, jingine mazoezi ya kawaida ya kunyoosha na kuimarisha viungo. Mwanzoni walivuja kwa wastani wa mara 3.4 kwa siku. Baada ya wiki 12, wa yoga walikuwa wamepunguza mara 2.3 kati ya hizo kwa siku, na wale wengine mara 1.9. Someni tena hizo namba mbili za mwisho. Yoga inasaidia, na mazoezi mengine yanakaribia kusaidia vilevile. Kwa hiyo anayewauzia yoga kama siri ya kale inayoponya kila kibofu anawadanganya. Na anayesema mazoezi hayawezi kusaidia kwa sababu hayatoki kwenye chupa ya dawa, naye amekosea.

Mikao yenyewe haihitaji mwili wa msichana. Kaa nyayo zikigusana na magoti yakifunguka pembeni. Lala chali, kunja magoti, nyanyua kiuno polepole. Chuchumaa ukishika kiti. Katika kila mkao, bana misuli hiyo ya chini ya nyonga kwa ndani kama unayezuia kujamba, kisha achia kabisa, maana misuli isiyojua kulegea nayo huleta taabu. Usibane makalio, usizuie pumzi. Hata bila mkeka, bana mara 8, mara 3 kwa siku, kwa angalau miezi 3 kabla ya kulalamika kwamba haifai. Ukibanwa ghafla usikimbie: simama, bana haraka mara kadhaa, pumua, mbano upite, ndipo utembee.

Sasa niingie kwenye linaloniudhi kuliko yote, nalo ni maji. Mnajinyima maji! Jirani yangu, mama mwenye busara katika kila jambo jingine, alikuwa akiwa na safari hanywi tone tangu jioni iliyotangulia. Alifika safari zake midomo imekauka, kichwa kinamgonga, mkojo wa njano iliyokolea ukimchoma. Mkojo mzito hukiudhi kibofu, nacho humbana mtu mara nyingi zaidi. Choo kikawa kigumu, akawa anasukuma, na kusukuma kukaidhoofisha misuli ileile aliyotaka kuilinda. Siku moja akapata kizunguzungu akaanguka. Wanawe wakamnunulia pedi zaidi, kwa upendo kabisa, wala hakuna aliyeuliza anakunywa kiasi gani. Wapenzi wangu, kunyweni maji ya kutosha mchana, mpunguze saa mbili tatu kabla ya kulala, na mpunguze kahawa na chai kali. Kujikausha hakutibu kitu. Mficha maradhi, kilio humfichua, na nimeona mengi mno yakifichuliwa na mfupa uliovunjika gizani njiani kuelekea chooni.

Mengine nayataja tu. Punguzeni uzito uliozidi. Tibuni kikohozi. Pimeni sukari. Wenye dawa za presha za kuongeza mkojo, muulizeni daktari saa nzuri ya kuzinywa, msiziache. Baadhi ya dawa za kibofu hukausha mdomo na kuchanganya akili za wazee. Ulizeni kabla ya kuzianza.

Lakini lawama si zetu peke yetu. Wahudumu wa afya hutupima presha, hutupima macho, hutuuliza magoti, na hawatuulizi kama tunavuja. Walimu wa mazoezi hufundisha wazee katika vyumba ambavyo choo kipo ghorofa nyingine. Jamii inasifu mwanamke kwa kuzaa, kisha inamwonea kinyaa kwa alichoachiwa na uzazi. Walimu, tangazeni mwanzoni mwa kila darasa kwamba kutoka ni ruhusa na kuvuja si aibu. Wekeni viti karibu na ukuta. Ulizeni nani ana presha au ugonjwa wa macho kabla ya kuinamisha kichwa cha mtu.

Na ukiona damu kwenye mkojo, au maumivu na homa, au mkojo unavuja mfululizo mchana na usiku, usianze na mkeka. Nenda kwa daktari. Ikiwa kuvuja kumeanza ghafla pamoja na ganzi sehemu za siri au miguu kukosa nguvu, nenda siku hiyohiyo.

Ni mimi,
dada yenu mkubwa