Safari ya Mwanza, Jumamosi

Ndugu zangu, habari za jioni. Wengi mmeniuliza safari ni ya muda gani. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Mwanza ni kama kilomita 850 kwa anga, karibu saa moja na nusu. Kwa barabara zinapita 1,100, kwa hiyo wa basi waondoke Ijumaa, tafadhali sana.

Tiketi imeandikwa 10:00. Hiyo ni saa 4 asubuhi, si saa 10! Saa 2 tuwe tumeshafika uwanjani. Wa Tegeta na Mbagala, tokeni saa 12. Mnaijua foleni ya Tazara. Bibi harusi anatusubiri, sitaki hata mmoja wetu aachwe na ndege.