Tusipime chekechea kwa wingi wa kurasa za daftari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu wa hapa Moshi kuhusu namna watoto wa elimu ya awali wanavyofundishwa kuhesabu na kujumlisha. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu hiyo kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja, kwa hiyo hatubishani tena kama mtoto aende au asiende. Lililobaki ni kujua anafanya nini akishafika huko.

Wengi wetu tukimpokea mtoto jioni hufungua begi na kukagua daftari. Tukikuta ukurasa umejaa namba kuanzia 1 hadi 50 na vema nyekundu, tunaridhika. Tukisikia kwamba asubuhi nzima walicheza duka, tunanung'unika kwamba ada yetu inaliwa bure. Mwalimu, ambaye anajua fika thamani ya michezo, huishia kujaza madaftari ili kutufurahisha sisi. Ndiyo maana kwenye mahafali ya chekechea (ambayo siku hizi yana majoho na keki kama ya chuo kikuu) mtoto huimba moja hadi mia tukampigia makofi, ilhali ukimtuma visoda vinane atakuletea konzi mbili zilizojaa.

Mtoto anayehesabu kweli hutaja namba moja kwa kila kitu, bila kuruka wala kurudia, na huelewa kwamba namba aliyoishia ndiyo idadi ya vitu vyote, hata ukivitawanya na kuvipanga upya. Uelewa huo haupatikani kwa kunakili. Mdako, ambao wengi wetu tuliucheza uani, unaufundisha vizuri zaidi: mchezaji anarusha jiwe juu, anatoa mawe shimoni, kisha anayarudisha na kubakiza moja moja, na raundi zinazofuata mawili mawili, halafu matatu matatu. Kama mawe ni kumi, kwenye matatu matatu litasalia moja, na hapo ndipo watoto watakapobishana, watahesabu upya na kukubaliana, bila mtu mzima kuwaambia kwamba hilo ni somo.

Kwa kujumlisha, daladala ya viti vya darasani inatosha. Gari linatoka stendi na abiria watano, na Kiboriloni wanapanda watatu. Konda lazima ajue ana abiria wangapi kabla ya kudai nauli. Mwanzoni atawahesabu wote upya kuanzia wa kwanza. Akiachwa acheze bila kuharakishwa, baada ya muda ataanzia kwenye watano anaowajua na kuendelea sita, saba, nane, na hiyo ni hatua kubwa ambayo alama ya kujumlisha iliyoandikwa ubaoni haiwezi kumvusha peke yake. Abiria wawili wakishuka Himo, kutoa nako kumeshaanza.

Sisemi kwamba kuandika namba hakuna maana. Wakati wake upo, na darasa la kwanza na la pili yana kazi hiyo ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Najua pia kwamba mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kuchezesha wote kwa pamoja, lakini makundi madogo yenye visoda, vijiti na mawe hayahitaji bajeti. Kwa walio wadogo zaidi, mbegu na shanga ziepukwe, kwa sababu huishia puani au kooni.

Nawaomba wazazi wenzangu, kwenye vikao vya mwanzo wa muhula, tuwaambie walimu waziwazi kwamba hatutawadai kurasa zilizojaa, na kila mmoja wetu apeleke shuleni kopo la visoda vilivyooshwa na kugongwa kingo zisiwakate watoto vidole.

Mzazi,
Moshi, Kilimanjaro