Besi akikataa chambo, usilaumu ziwa

Mhariri,

Kila Julai baridi inapozidi, wavuvi wa mshipi wanaotoka Nairobi kwenda Naivasha hurudi mikono mitupu wakisema besi wamekwisha. Naomba nafasi nieleze kwamba mara nyingi samaki yupo. Kilichokosewa ni chambo.

Besi aliletwa Naivasha miaka ya 1920 na asili yake ni Marekani. Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa Julai hupoza maji sawasawa. Joto la mwili wa samaki hufuata la maji. Maji yakipoa, chakula husagika polepole tumboni, naye hujibana kwenye mafunjo bila hamu ya kufukuza kitu.

Hapo ndipo kile kisamaki cha plastiki kinachong'aa, chenye ndoano za makucha matatu, kinaposhindwa. Kimeundwa kivutwe mbio, na makucha yake hunasa mashina ya mafunjo kabla hakijamfikia besi. Mvuvi akikosa, anabadili rangi, kisha rangi nyingine, mpaka jua linatua. Rangi ni ya mwisho! Anza na kasi, kisha ukubwa, kisha mahali chambo kinapoangukia.

Chukua mnyoo wa plastiki laini wa sentimita 10 hadi 12. Maji yakiwa safi, hudhurungi inatosha, kwani inafanana na kamba wa maji yasiyo na chumvi walioletwa ziwani mwaka 1970, ambao besi huwapenda sana. Maji yakiwa na tope, kama kaskazini ambako Mto Malewa huingia, tumia mweusi. Tanguliza kwenye uzi chubwi (kizito cha kuzamishia chambo) yenye umbo la risasi, gramu 3 hadi 5, kisha funga ndoano namba 1/0 yenye shingo iliyopinda. Choma kichwa cha mnyoo nusu sentimita, toa ncha ubavuni, vuta mpaka kichwa kikae shingoni, geuza ndoano, kisha choma tena ili ncha ijifiche ndani ya plastiki. Mnyoo lazima unyooke kabisa. Ukikunjamana, utazunguka ukishuka na kusokota uzi. Wengi huweka chubwi ya gramu 10 ili warushe mbali, lakini siku ngumu besi hudaka chambo kinaposhuka, na chubwi nzito haimpi muda.

Rusha karibu kabisa na ukingo wa mafunjo, kisha legeza uzi. Hili ndilo linalowaponyoka wengi. Uzi ukikazwa, chambo hakishuki wima. Hubembea kurudi upande wako, na kinapogusa chini kimeshaachana na samaki. Uache uzi ulale juu ya maji na uutazame. Uzi ukishtuka, ukienda kando, au ukisimama kabla ya wakati wake, besi ameshakidaka. Kunja kwanza uzi uliolegea, ndipo uinue fimbo kwa nguvu. Ukiinua uzi ungali umelegea, ncha haitoboi plastiki. Usipoona kitu, acha chambo chini sekunde 10 hadi 15, inua ncha ya fimbo kiasi cha shibiri moja, legeza tena.

Kwenye maji wazi uzi unaohimili mvuto wa kilo 4 unatosha. Ndani ya mafunjo usishuke chini ya kilo 7, maana besi akinaswa hukimbilia mashina. Wala hakuna haja ya kuwahi alfajiri siku za baridi: subiri saa nne, jua likishapasha maji ya kina kifupi, umalize kabla upepo wa alasiri haujaanza kuupinda uzi.

Wenye maduka ya vifaa vya uvuvi hapa mjini nao watusaidie. Waweke ndoano hizi na chubwi ndogo, na wamwambie mnunuzi kwamba mnyoo uliochanika hurudi naye nyumbani. Plastiki hiyo haiozi ziwani, na samaki akiimeza huweza kubaki nayo tumboni.

Mvuvi wa mshipi,
Nairobi