Mnunuzi wa pikipiki isiyo na logibuku afunguliwe njia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowasumbua vijana wengi wa bodaboda hapa Mombasa, nalo ni pikipiki kuukuu zinazouzwa mkono kwa mkono bila logibuku, yaani hati ya umiliki, kubadilishwa jina.

Mimi ni fundi wa pikipiki Kongowea. Pikipiki nyingi zinazoletwa kwangu zimekwisha kupitia kwa watu kadhaa, na kila mmoja alimkabidhi mwenzake ufunguo, karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa kalamu na, akibahatika, nakala ya kitambulisho. Jina lililo katika rekodi za serikali limebaki kuwa la mtu wa kwanza, ambaye pengine amehama, amebadilisha nambari ya simu au amefariki.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haina utata. Kifungu cha 8 kinamhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye chombo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kifungu cha 9 kinakataza chombo kilichouzwa kutumiwa barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Kwa hiyo anayeumia si mnunuzi peke yake. Pikipiki ikimgonga mtu pale Buxton, wakili wa majeruhi atalitafuta jina lililo katika rekodi, na aliyeiuza miaka iliyopita ndiye atakayeletewa samansi na kulazimika kuthibitisha kwamba si yake tena.

Utaratibu wenyewe si mgumu pande zote mbili zikiwapo: muuzaji huanzisha uhamisho katika akaunti yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mnunuzi huukubali katika yake, ada hulipwa na jina hubadilishwa. Logibuku ikipotea, mwenye jina huchukua ripoti ya polisi na hati ya kiapo, akaomba nyingine. Shida huanza muuzaji asipopatikana, kwa sababu mnunuzi hana uwezo wa kuanzisha lolote katika akaunti isiyokuwa yake. Mwenye jina akiwa amefariki, warithi sharti kwanza wapewe na mahakama hati ya kusimamia mirathi. Ikiwa pikipiki ilichukuliwa kwa mkopo, jina la mkopeshaji huwa limeandikwa pamoja na la mkopaji, na deni lisipofutwa hakuna kinachosogea. Aliyebaki na karatasi ya mauziano tu hana budi kutafuta amri ya mahakama, jambo ambalo kijana anayeishi kwa nauli ya Likoni na Mtongwe hawezi kulimudu.

Liko na suala la injini, ambalo sisi mafundi tunalijua kuliko wengine. Nambari ya fremu hupigwa kwenye shingo ya usukani, na ya injini kwenye kasha la injini lenyewe. Nikishafuta grisi na kuzilinganisha na nakala ya rekodi za usajili, hutokea nikaikuta ya fremu inalingana na ya injini ni nyingine kabisa, kwa kuwa injini ya kwanza ilikufa ikafungwa ya mtumba bila msajili kuarifiwa. Kijana huyo hakuiba kitu, lakini mbele ya askari hana la kujitetea.

Anayekusudia kununua leo namsihi alipie kwanza nakala ya rekodi, akague nambari zote mbili, wala asimalize kulipa kabla muuzaji hajaanzisha uhamisho mbele yake. Lakini ushauri huo haumsaidii aliyekwisha kununua kwa nia njema.

Kwa ajili yake naiomba Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iweke meza maalumu katika Huduma Centre ya Mombasa, ambapo mnunuzi atawasilisha karatasi ya mauziano, rekodi za malipo ya M-Pesa, barua ya chifu na uthibitisho wa polisi kwamba pikipiki haijaripotiwa kuibwa. Aliyesajiliwa atafutwe na atangaziwe kwa muda utakaowekwa, na asipojitokeza kupinga, umiliki uhamishwe. Wapo watakaohofia kwamba wezi nao watapitia mlango huo, na hofu hiyo ni ya haki, kwani hata mimi nimewahi kuletewa fremu iliyofutwa nambari kwa tupa. Ndiyo maana ukaguzi wa fremu na injini ufanywe kabla ya karatasi yoyote kupokelewa, na pikipiki yenye nambari iliyochezewa ikabidhiwe polisi papo hapo.

Fundi wa pikipiki,
Kongowea, Mombasa