Mishahara ya marubani isilinganishwe kwa kugeuza dola tu

Mhariri,

Kila marubani wetu wakigoma au wakitishia kugoma, kama ule mgomo wa Kenya Airways wa Novemba 2022, lazima atokee mtu na jedwali, rubani wa Dubai anapata hivi, wa Marekani hivi, wa Nairobi hivi, zote zimegeuzwa shilingi, basi watu wanaanza kutukanana. Mimi majedwali hayo yananikera sana kwa sababu hayasemi mtu anabakia na nini mfukoni.

Chukua laki nane kwa mwezi hapa Kenya, mfano tu. Toa PAYE, yaani kodi ya mshahara, ambayo siku hizi ni asilimia 32.5 kwa pesa zinazopita laki tano (zikipita laki nane ni 35), toa bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, toa ule ushuru wa nyumba 1.5, toa NSSF ya akiba ya uzeeni, yaani karibu thuluthi nzima imeenda na bado hajalipa kodi ya nyumba wala karo. Dubai hakuna ushuru wa mshahara, na shirika kama Emirates humpa rubani nyumba au marupurupu ya nyumba na kumsaidia karo ya watoto. Hayo hayaonekani kwenye jedwali na ndiyo makubwa, maana Dubai ukijilipia mwenyewe nyumba na shule utajua hujui. Ila pia visa ya kule imefungwa kwa kazi, corona ilipoingia 2020 marubani wengi waliachishwa na familia zikalazimika kufungasha.

Alafu hiyo dola yenyewe. Januari 2024 ilifika karibu shilingi 160, miezi michache baadaye ikashuka hadi kama 130. Kwa hivyo rubani wa nje wa dola elfu kumi alikuwa na milioni 1.6, mara ana milioni 1.3, na kule aliko hajakatwa hata senti! Ethiopia nako, pesa yao birr ilipoachiliwa ipangiwe bei na soko Julai 2024 ilipoteza karibu nusu ya thamani kwa wiki chache, sasa anayelipwa kwa birr utamlinganishaje na mtu kwa dola ya wiki hiyo?

Na wale wanaosema marubani ni watu wa kujidekeza tu wakumbuke ndege ya Colgan Air, shirika dogo la mikoani, iliyoanguka karibu na Buffalo, Marekani, Februari 2009, wakafa watu 50. Kwenye uchunguzi ilielezwa kwamba rubani msaidizi alikuwa analipwa kama dola 16,000 kwa mwaka. Kituo chake cha kazi kilikuwa Newark lakini alikuwa anakaa kwa wazazi upande wa Seattle, nchi nzima katikati, usiku wa kuamkia siku ya ajali alisafiri kwa kudandia ndege za mizigo ndio afike kazini. Marekani hiyo hiyo ambayo kwenye jedwali iko juu kabisa, na kweli marubani wa shirika kubwa la Delta mwaka 2023 walipata nyongeza ya asilimia 34 kwa miaka minne, lakini rubani wa shirika dogo la mikoani na yule wa Delta wanaandikwa mstari mmoja, "Marekani".

Naomba gazeti lenu mkichapisha tena ulinganisho muweke mshahara baada ya makato, kodi ya nyumba ya vyumba vitatu karibu na uwanja wa ndege, karo ya mtoto mmoja na nani anailipa, na deni la masomo ya urubani. Na mtenganishe kapteni na rubani msaidizi.

Msomaji wenu,
Syokimau