Ganzi sio sukari kila mara

Mhariri, salamu. Naomba nafasi niongelee hizi ganzi za miguu, watu wanaumia mtaani na hawajui wanaumwa nini.

Mke wangu ni fundi cherehani. Ilianza ganzi vidoleni, miguu yote miwili kwa pamoja, halafu kuinuka kwenye kigoda ikawa kazi mpaka ajishike ukutani, baadae hata uzi kupitisha kwenye sindano hawezi. Tukaambiwa sukari, tukapima hana, tukaambiwa mgongo, akapigwa eksirei, vitamini amemeza mpaka kachoka, majirani wakasema kakanyaga kitu. Miezi saba! Na siku zote hizo hakuna aliyemgonga goti kwa kile kinyundo cha mpira. Alipogongwa na daktari mmoja kijana mguu haukuruka hata kidogo, akasema hii ni neva, akaandika kipimo cha umeme wa neva na kutolewa maji ya uti wa mgongo, majibu yakaja protini iko juu ila seli ni za kawaida. Inaitwa CIDP, kinga ya mwili inakula ganda la neva zako mwenyewe. Ni ndugu wa Guillain-Barré, ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia neva, ila ule unafika kilele ndani ya wiki 4, huu unazidi tu hata baada ya wiki 8, na prednisolone, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, haiusaidii ule lakini huu inausaidia.

Hapo ndipo roho inaniuma. Dripu ya imunoglobulini (kingamwili zinazotolewa kwenye damu ya watu wengine) hatukuiweza, kuanza tu ni gramu 2 kwa kila kilo ya mwili, mtu wa kilo 60 ni gramu 120. Lakini prednisolone ni vidonge vya bei ya chini (msijinunulie jamani, vinapandisha sukari na presha, na kuviacha ghafla ni hatari). Yaani dawa ilikuwepo miezi yote ile, tulikosa jina la ugonjwa tu. Na ganda likiliwa muda mrefu neva yenyewe inakufa, ndio maana mpaka leo mguu wa kushoto anauburuta japo kigodani anainuka mwenyewe.

Mhariri, ukurasa wenu wa afya uandike hili. Mtu akiishiwa nguvu pande zote mbili na inazidi kwa miezi miwili, agongwe magoti, na yasiporuka apewe rufaa kwa daktari wa neva wiki hiyo hiyo.

Msomaji wenu, Morogoro